Pumzi Moja ya Kumwozesha Shahd

Wanawake wa mtaani wakija kumjulia hali mume wangu hunisifu mpaka natamani kuwatoa nje. "Fakhria, wewe mke kweli," wananiambia. "Mwingine angeshachoka." Wanakunywa kahawa yangu, wanamtazama Nadir aliyeegemea mito mitatu na mipira ya hewa puani, mashine inanguruma pembeni, kisha wananigeukia na kunionea huruma mimi. Mimi! Mdomo wangu haujawahi kushindwa kufunguka, hilo mtaa mzima wa Ngamiani unalijua. Lakini kwa jambo hili moja umekuwa mzito miezi saba sasa.

Basi ngoja niliseme.

Sisi ni watu wa halwa. Babu yake Nadir alikoroga halwa hapa Tanga, baba yake akakoroga, na Nadir mwenyewe kaushika mwiko ana miaka kumi na sita. Halwa si uji. Sukari, wanga, samli, iliki na zafarani unavitia kwenye sufuria la shaba ambalo mtoto anaweza kuogea ndani yake, halafu unakoroga saa mbili, saa tatu, bila kuachia, juu ya moto wa kuni. Ukiachia inashika chini, na halwa iliyoshika chini haina dawa. Kuni zetu ni za michungwa iliyozeeka, zinatoka Muheza, moto wake hauna papara. Miaka arobaini na mbili mume wangu kauinamia moshi ule, na sigara hajaonja hata moja.

Alipoanza kukohoa asubuhi nikasema ni baridi. Alipoanza kusimama njiani kwenda msikitini, akiinama kama anafunga kamba za viatu, nikasema ni uzee. Nadir anavaa makubazi. Makubazi hayana kamba. Nilikuwa namwona dirishani na bado nikajiambia anafunga kamba.

Hospitalini walipima makohozi, wakasema si kifua kikuu. Wakamwambia apulize kwenye bomba la mashine yao, akapuliza mpaka macho yakamtoka machozi. Daktari akatueleza polepole kwamba ni ugonjwa sugu wa mapafu, kwamba moshi umeyachakaza, kwamba njia za hewa zimebana na hewa inayoingia haitoki yote. Hauponi, akasema, lakini mtu anaweza kuishi nao vizuri akishika masharti. Akampa dawa ya kuvuta, akamwambia, "Moshi basi, mzee wangu. Wa kuni, wa mkaa, wa udi, wa ubani, wote." Halafu akamkabidhi kwa Elizabeti.

Elizabeti ndiye mtaalamu wao wa mazoezi, Mbondei mfupi, mchangamfu, umri wake sawa na binti yetu Shahd. "Shikamoo mzee, shikamoo mama," akaanza. Akamkalisha Nadir kwenye kiti, akamwambia ashushe mabega, aweke kiganja kimoja tumboni. "Mzee, chai ya moto unaipozaje kwenye kisahani?"

"Naipuliza," Nadir akasema.

"Basi hivyo hivyo. Vuta kwa pua, moja, mbili, tumbo lijae. Sasa kusanya midomo, puliza taratibu. Moja, mbili, tatu, nne. Usisukume. Iache itoke."

Mimi nikacheka. Nikasema, "Ebo! Tumetoka nyumbani na bajaji kuja kufundishwa kupuliza chai?" Nadir akacheka pia, kicheko kikamletea kikohozi, na Elizabeti akanitazama mimi badala ya kumtazama yeye. Lile jicho nalikumbuka.

Hayo mazoezi Nadir angeyaacha wiki ya pili, namjua. Kilichomshikisha ni posa. Nasri, kijana wa Pangani anayefanya kazi bandarini, alileta wazee wake kumposa Shahd, na Shahd akaridhia. Shahd ni mtoto wetu mmoja tu. Tulikaa miaka kumi na miwili kwenye ndoa kabla Mungu hajatupa, na watu wakasema waliyosema. Baba yake alipomshika mara ya kwanza alilia, mwanaume yule, akasema, "Huyu nitamwozesha mwenyewe, kwa ulimi wangu." Nilikuwa bado kitandani, nimechoka, nikamwambia, "Hata jina hana, wewe unamwozesha!"

Sasa siku ikaja na ulimi upo, pumzi hamna.

Kwa desturi yetu baba anakaa msikitini na bwana harusi, magoti yanakutana, wanashikana mikono ya kulia, vidole gumba vimesimama, na baba anatamka maneno ya kumpa binti yake. Imamu alimwambia Nadir asijipe tabu. Anaweza kumweka wakili, mdogo wake Turki kwa mfano, na ndoa ikawa sahihi vilevile. Anaweza hata kutua katikati akapumzika. Nadir akakataa katakata. "Baba aliwaozesha dada zangu wote kwa pumzi moja," akasema. "Mimi nina mmoja tu."

Akayapanga maneno yake, akamwonyesha Elizabeti kwenye karatasi kama mtoto wa shule: *Nimekuozesha binti yangu Shahd, kwa idhini yake, kwa mahari mliyokubaliana, na kwa radhi yangu mimi baba yake.* Elizabeti akasoma, akahesabu kwa vidole, akasema, "Ni marefu, mzee. Lakini tunayo miezi mitatu." Akamfundisha kusema juu ya pumzi inayotoka, kutoanza kabla tumbo halijajaa, kutokimbilia mwisho.

Basi kila siku baada ya alasiri tulikuwa tunakaa uani, viti viwili, magoti yanagusana. Mimi nikawa Nasri. Nadir ananishika mkono, vidole gumba vimesimama, anavuta hewa kwa pua, anaanza. Siku ya kwanza alifika "Nimekuozesha binti" akakohoa dakika nzima. Baada ya wiki tatu akafika kwenye mahari. Akikwama ananiambia kwa kichwa, tena. Na akifika popote alipofika, mimi natoa sauti nzito ya kiume, najibu, "Nimekubali." Shahd alikuwa akitukuta hivyo akitoka kazini, anaanguka kwenye mkeka kwa kicheko. "Mama, Nasri haongei kama dubwana!" Wallahi sijawahi kuwa karibu na mume wangu kama miezi ile mitatu. Miaka yote aliishi jikoni kwa halwa yake na mimi nikaishi na mdomo wangu. Sasa tukawa tunakaa tumeshikana mikono kama tumeoana juzi.

Na ikafanya kazi. Akaanza kwenda msikitini bila kuinama njiani, hatua mbili anavuta, hatua nne anapuliza. Akapanda ngazi za nyumba ya Turki. Na siku moja, bado siku kumi harusi, akayasema yote. Yote, mpaka "mimi baba yake", na sauti haikukatika. Nikasahau hata kujibu. Akaniminya mkono, "Bwana harusi, umeghairi?"

Elizabeti alifurahi mpaka akapiga makofi. Lakini akatuambia, na aliniambia mimi huku kanishika bega, "Mama, mapafu hayajapona. Ni yaleyale. Mzee amejifunza kuyatumia tu. Kitu kidogo kinaweza kuyaharibu." Nikaitikia eeh, eeh. Moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba mume wangu mzima. Nilitaka awe mzima, nikamfanya mzima.

Halwa sasa.

Halwa ya harusi ya binti wa nyumba yetu hainunuliwi na haikorogwi na mtu mwingine. Baba anaikoroga kwa mkono wake, ndiyo inayotangulia kwenda kwa wakwe. Nadir alipougua, duka alimwachia Turki, na Turki akaweka majiko ya gesi. Tukakubaliana Turki ndiye atakayekoroga, kwenye gesi, dukani, yaishe. Nadir mwenyewe ndiye aliyependekeza. Lilimuuma lakini alilisema.

Siku mbili kabla ya harusi, asubuhi ya Jumatano, akaja wifi yangu Afra, dada yao mkubwa. Wanawake wamejaa nyumbani, Shahd anapakwa hina chumbani, nguo zake zimetundikwa ukumbini. Afra akakaa, akauliza halwa iko wapi. Nikamwambia. Akazungusha vikuku vyake, akasema kwa sauti ya watu wote wasikie, "Haya. Binti wa Nadir anakwenda Pangani na halwa ya gesi. Ya dukani, kama ya mpita njia."

Hakuna aliyecheka. Lakini na mimi nina masikio, niliwasikia walivyonyamaza. Nikainuka. Hapo ndipo ningekaa, ningemjibu Afra mimi mwenyewe kwa mdomo wangu huu ambao kila mtu anausema. Kwa nini sikumjibu? Siku zote namjibu! Siku ile nikaona haya, na haya ile nikaipeleka kwa mtu asiyestahili.

Nadir alikuwa uani kwenye kiti chake, mkono tumboni, anapuliza. Nikamwambia wakwe watatucheka. Akasema daktari kakataza moshi. Nikamwambia, "Turki aanze, wewe ukazie tu mwisho." Akasema, "Mama Shahd, ule mwisho ndio mrefu." Na mimi nikasema. Nayasema hapa kama nilivyoyasema, sitayapunguza. Nikamwambia, "Maneno ya msikitini pumzi unayo. Sufuria moja la mwanao huna? Au mazoezi yote yale ni ya kujionyesha kwa wanaume?"

Akauondoa mkono tumboni. Halafu akasema, "Sawa, Fakhria." Kwa jina langu. Huwa ananiita Mama Shahd.

Turki akaja na sufuria la shaba, akawasha moto kwenye banda letu la uani, jiko la baba yao. Masika yalikuwa yamepamba moto, kuni za Muheza zimelowa, na kuni mbichi moshi wake unauma mpaka meno. Turki alikoroga saa ya kwanza na nusu. Halwa ilipoanza kukaza na kuvuta, Nadir akavua kofia, akafunga leso puani, akaingia. Turki akatoka kwenda kufuata lozi na vikapu vya ukindu vya kutilia halwa.

Moshi ukaanza kutoka bandani ukapita uani, ukaingia ukumbini kwenye nguo za Shahd. Afra akapiga kelele, "Jamani, nguo za mtoto!" Na mimi nikakimbia, nikaushika mlango wa banda, nikauona mgongo wa mume wangu umeinama juu ya sufuria, nikaurudishia mlango. Niliufunga mimi, kwa mkono wangu huu wa kulia, aliokuwa akiushika kila alasiri. Nikaweka na tofali ili upepo usiufungue.

Nguo zilisalimika.

Sijui zilipita dakika ngapi. Nilikuwa naonja biriani ya wageni wa hina. Turki aliporudi akauliza, "Mlango huu kaufunga nani?" akalipiga teke tofali. Nadir alikuwa bado amesimama. Hilo ndilo linaloniua, alikuwa bado amesimama na mwiko unazunguka, midomo ameikusanya kama alivyofundishwa, anapuliza, anapuliza, na rangi ya midomo imegeuka kama majivu. Halwa ilikuwa tayari. Hakuiacha ikashika chini. Akamkabidhi Turki mwiko, ndipo akaanguka.

Tukamkimbiza hospitali. Wakamwekea hewa, wakamchoma sindano, wakaniambia nikae nje. Kesho yake asubuhi Elizabeti akaja wodini, bado na mkoba wake begani. Hakunigombeza. Natamani angenigombeza, angenitukana hata kwa Kibondei nisisikie maana. Aliuliza tu, ili waandike, "Mama, alikuwa sehemu yenye hewa? Mlango ulikuwa wazi?"

Nikasema, "Ulikuwa wazi."

Nadir alikuwa macho. Alinisikia. Alitazama dari tu, na Elizabeti akaandika.

Shahd alitaka harusi iahirishwe. Alikuja na hina yake mikononi, analia, anasema bila baba haolewi. Nadir akatikisa kichwa. Watu wa Pangani wameshafika, chakula kimeshaandaliwa. Akamwonyesha Turki kwa kidole, kisha akajionyesha yeye mwenyewe, na Imamu aliyekuja kumwona akaelewa kwamba anampa uwakili. Karatasi yake ya maneno ilikuwa mfukoni mwa kanzu. Aliitoa akampa mdogo wake.

Ijumaa alasiri nilikuwa naye wodini. Turki alipiga simu kutoka msikitini, wakaiweka karibu nao, na mimi yangu nikaiweka kwenye mto wa Nadir. Tukasikia vikohozi vya watu, Imamu akasoma hotuba, kisha sauti ya Turki. Akayatamka maneno yale yote, mpaka "kwa radhi ya baba yake", upesi upesi, kama anaagiza soda. Pumzi moja. Hakuhitaji hata kujiandaa. Nasri akajibu, na msikiti ukaitikia dua. Nadir midomo yake ilikuwa inafuata, lakini aliachwa nyuma kwenye neno idhini. Akageuza uso ukutani.

Jioni Afra akanipigia. "Wifi," akasema, "halwa imetoka, wallahi! Wakwe wameimaliza, wanasema hawajapata kula halwa kama hii." Nikakata simu. Nilichokitaka nilikipata, basi. Kikapu kimoja waliniwekea. Kiko kabatini mpaka leo, kimekuwa kigumu kama jiwe, sikili na sikitupi.

Nadir alitoka hospitali baada ya wiki tatu, na mashine hii. Elizabeti huja nyumbani mara moja kwa wiki, siku yake ya mapumziko, hatujamwomba. Walianza upya, moja, mbili, puliza. Zamani alikuwa anafika nne bila kufikiri. Sasa akifika tatu tunashukuru. Shahd anakuja na mumewe kila Jumapili, anakaa miguuni kwa baba yake, hajawahi kuniuliza neno. Nasri humbusu mkwe wake mkono. Nadir humtazama kijana yule kwa jicho la mtu aliyeahidi kitu na hakukileta.

Juzi wanawake wakaja tena kunisifu. Walipoondoka niliosha vikombe, nikavivunja viwili, nikarudi chumbani. Ilikuwa baada ya alasiri. Nikavuta kiti mpaka magoti yakagusa kitanda. Nikasema, "Nadir. Ule mlango niliufunga mimi. Na tofali niliweka mimi. Na yule mtoto, Elizabeti, nilimdanganya mbele yako."

Akakusanya midomo. Moja, mbili, ikakatika. Akajaribu tena.

"Najua," akasema.

"Basi nigombeze! Miezi saba, Nadir! Hata nyumba ya jirani maji yakimwagika wanagombezana!"

Akafumba macho, nikadhani amechoka. Kisha mkono wake wa kulia ukatoka chini ya shuka, ukasogea kwenye godoro mpaka kwangu, kidole gumba kimesimama. Nikaushika. Nikangoja avute hewa aanze, kama zamani, nikaitayarisha sauti yangu ya Nasri, na machozi yananitoka. Hakuanza. Akaninyooshea kidevu.

"Sema wewe," akasema.

Nikafuta uso kwa ncha ya mtandio. Nikasema, "Nimekuozesha binti yangu Shahd, kwa idhini yake, kwa mahari mliyokubaliana, na kwa radhi yangu mimi baba yake." Niliyasema yote bila kutua, na nilipomaliza pumzi bado ninayo, ya kusema mara mbili nyingine.

Nadir akajaza tumbo. Nikamhesabia kwa kidole kiganjani mwake.

"Nime," akasema, akatua. Akavuta tena, moja, mbili, na mashine ikanguruma. "Kubali."

Neno moja tu hilo, na lilimchukua pumzi mbili.